Ufa wa chesisi ya tela unaorudi pembeni ya weldi: nini cha kumwambia fundi

Swali: Nina semi-tela ya ekseli tatu, sakafu bapa, inapanda na mizigo ya Dar kwenda Tunduma na kushuka na shaba. Boriti ya kulia ilipasuka mkanda wa chini, nyuma kidogo ya shingo. Fundi wa kuchomelea alikuja na jenereta tukiwa Mikumi, akaujaza ufa na kubandika bamba la milimita 10 juu yake. Safari ya tatu imepasuka tena, si palepale bali sentimita mbili kutoka mwisho wa bamba. Nimwambie nini fundi wa mara hii, na nitajuaje kama kazi ni nzuri?

Jibu:

Ndugu msomaji, sentimita mbili ulizozitaja ndizo zinazotueleza tatizo liko wapi. Weldi ya fundi wako huenda ilikuwa na nguvu ya kutosha. Kilichoshindwa ni chuma cha boriti, pale bamba lilipoishia. Kwa hiyo ukimwita fundi mwingine abandike bamba refu zaidi au nene zaidi, ufa utahamia mwisho wa bamba hilo jipya.

Boriti ya tela ina mkanda wa juu, mkanda wa chini na ubavu unaoiunganisha. Tela ikiwa na mzigo imelala juu ya kingpini mbele (pini ya chini ya tela inayoshikana na kichwa) na ekseli nyuma, na katikati inataka kubonyea. Mkanda wa juu unabanwa, wa chini unavutwa. Mahali ambapo shingo, yaani sehemu nyembamba ya mbele inayolala juu ya kichwa, inaishia na boriti inaongezeka kimo, mkanda wa chini unapinda, na msongo hujikusanya kwenye kona hiyo kila gurudumu linapoingia shimoni. Sasa chukua mkanda wa milimita 12, ongeza juu yake bamba la milimita 10 lililokatwa mraba, kisha upitishe weldi kukatisha upana wa mkanda kwenye mwisho wa bamba. Ghafla kuna sehemu ngumu karibu mara mbili, na mbele yake sehemu laini. Mvuto wote unaishia kwenye ukingo wa ile weldi ya kukatisha, ambapo chuma kimeshachomwa na mara nyingi kina kamfereji kembamba kalikoachwa na moto. Uchovu wa chuma huanzia hapo. Haijalishi rodi iliyotumika ilikuwa bora kiasi gani.

Kwa hiyo agizo la kwanza kwa fundi: bamba la zamani litoke lote. Likatwe kwa grinda, si kwa kupigwa nyundo, na kama sehemu itakatwa kwa gesi basi kingo zisagwe mpaka chuma cheupe, kwa sababu kila kijino kinachoachwa na mwali ni mwanzo wa ufa mwingine.

Kabla ya hapo, mzigo ushuke. Hili halina mjadala. Chuma kikipata joto la kuchomelea kinalegea, na kama tani 28 bado zimekaa juu yake, boriti inaweza kukunjika mikononi mwa fundi. Hata isipokunjika, ufa utachomelewa ukiwa umefunguka na boriti ikiwa imebonyea, na itabaki hivyo. Tela tupu ikishatengwa na kichwa, zuia magurudumu kwa vigingi, weka jeki chini ya boriti zote mbili karibu na ufa, juu ya magogo ya mbao magumu, na uinue taratibu mpaka ufa ufunge. Vuta uzi kando ya mkanda wa chini wa boriti ya kushoto, ambayo ni nzima, upime nafasi kati ya uzi na chuma kila mita moja. Kisha fanya hivyo kulia na ulinganishe. Tela nyingi hutengenezwa zikiwa na mgongo mdogo wa kuelekea juu zikiwa tupu, kwa hiyo usinyooshe boriti iwe bapa kwa kudhani ndiyo sawa. Nzima ndiyo kipimo chako.

Umeme nao. Kutenga kichwa hakutoshi kama tela ina ABS au EBS, mifumo ya breki inayoongozwa na kompyuta: chomoa plagi ya kisanduku chake cha kompyuta. Klipu ya arthi ibanwe kwenye boriti ileile, kwenye chuma kilichosagwa, ndani ya sentimita 30 za mahali pa kuchomelea. Fundi akibana arthi kwenye ekseli au rimu kwa sababu ndipo palipo wazi, mkondo unapita ndani ya beringi na kuziachia vidonda vidogo ambavyo utavisikia vikilia baada ya miezi. Sogeza mabomba ya upepo na nyaya, funika mifuko ya upepo kama inayo, toa mbao za sakafu zilizo juu ya eneo la kazi. Kizimamoto cha poda cha kilo 9 kikae karibu, na mtu abaki akiangalia kwa saa nzima baada ya cheche ya mwisho. Mbao za sakafu zilizolowa oili huficha moto kwa muda mrefu.

Sasa utafute ufa unaishia wapi hasa. Macho hayatoshi. Safisha rangi na kutu sentimita 15 kupita mwisho unaouona, kila upande, kwenye mkanda na kwenye ubavu. Tumia dawa ya kugundua nyufa ya makopo matatu: pulizia nyekundu, subiri dakika 15, futa kwa kitambaa kilicholowanishwa na kisafishio (usipulize kisafishio moja kwa moja juu ya chuma, kitaosha rangi iliyoingia ndani ya ufa), kisha pulizia nyeupe. Mstari mwekundu utajichora wenyewe. Makopo yasipopatikana, paka mafuta ya taa, subiri, futa pawe pakavu kabisa, pakaza unga wa chaki. Mafuta yatajitokeza kwenye ufa. Njia hii ya zamani bado inafanya kazi, ila mafuta yatolewe yote kabla ya kuchomelea. Tahadhari moja kuhusu visafishio: kisafishio cha breki chenye klorini kikikutana na mwanga wa weldi huzaa gesi ya fosjini, ambayo inaua. Tumia asetoni, na iachwe ikauke kabisa.

Ufa wa mkanda wa chini kwa kawaida umefika ukingoni na umepanda kwenye ubavu. Toboa tundu la milimita 8 kwenye ncha ya juu, milimita chache mbele ya mahali mstari mwekundu unapoishia. Tundu linazuia ufa usikimbie mbele wakati chuma kinapopashwa joto; baadaye litajazwa pamoja na ufa.

Hatua inayofuata ndiyo mafundi wengi wa barabarani huiruka. Ufa uchimbwe wote mpaka utoweke. Kupitisha weldi juu yake ni kuufunika tu, na ufa ulioachwa ndani ya milimita 12 za chuma hutembea kutoka chini kwenda juu. Mkanda uchimbwe mfereji wa V wenye pembe ya nyuzi 60, na nafasi ya milimita 2 hadi 3 kwenye kitako, yaani pale ncha ya V inapoishia. Ukiweza kufikia pande zote mbili, chimba V juu na V chini, ili weldi isivutie boriti upande mmoja. Pale ubavu unapokutana na mkanda, kata dirisha dogo la nusu duara kwenye ubavu, lenye nusu kipenyo cha kama milimita 25, lisagwe laini. Bila dirisha hilo weldi ya mkanda haiwezi kupenya katikati na utaacha kasoro mahali pabaya kuliko pote. Puliza tena dawa ya nyufa ndani ya mfereji kabla ya kuanza. Nyekundu ikionekana, endelea kuchimba, kisha osha mabaki yote.

Kuhusu rodi, sema kwa jina: E7018. Rodi ya kawaida ya madukani, E6013, inawaka kwa urahisi na inaacha mstari mzuri, na kwa geti au bodi ya pembeni inafaa. Kwa mkanda unaovutwa haifai. Weldi yake inavumilia kidogo mshtuko, na ganda lake huingiza haidrojeni nyingi zaidi kwenye chuma. Haidrojeni ndiyo inayopasua chuma kigumu saa nyingi baada ya kazi kwisha, fundi akiwa ameshaondoka. E7018 ina haidrojeni kidogo, lakini kwa sharti moja: iwe kavu. Ikitoka kwenye pakiti iliyofungwa kiwandani, itumike ndani ya saa 4, au ikae kwenye oveni ndogo ya kubebea yenye joto la nyuzi 120 hivi. Iliyokaa wazi inakaushwa upya kwenye oveni halisi kwa nyuzi 350, saa moja hadi mbili, kwa kufuata maelezo ya pakiti. Kuianika juani au kuipasha juu ya jiko la mkaa hakutoi unyevu ulio ndani ya ganda. Rodi zilizobebwa kwenye ndoo wazi ya pikapu kutoka Dar, na unyevu wa pwani wote umo ndani yake, zimeshakuwa rodi nyingine kabisa hata kama maandishi ni yaleyale.

Mashine nayo ina hesabu yake. E7018 ya milimita 3.2 inataka ampea 100 hadi 140, mkondo wa moja kwa moja, rodi ikiwa upande wa chanya. Ya milimita 2.5, kwa kitako cha mfereji, inataka 70 hadi 100. Inveta, yaani mashine ndogo ya kielektroniki ya kuchomelea, ikitoa ampea 130 kwa volti 25 inavuta kama kilowati 4 kutoka kwenye jenereta, na kwa sababu ya jinsi inveta nyingi zinavyovuta umeme, jenereta inatakiwa iwe na kVA 6 au zaidi. Jenereta ndogo ya kVA 3 itawasha rodi, kisha itazama. Fundi atapunguza ampea ili iendelee, na weldi italala juu ya chuma bila kupenya. Kwa nje itaonekana nzima. Tazama waya pia: waya wa kuchomelea wa milimita mraba 16 wenye mita 20 kwenda na 20 kurudi hupoteza karibu volti 6 kwa ampea 130, yaani karibu robo ya volti za weldi. Wa milimita mraba 35 hupoteza chini ya 3. Njia rahisi ni kusogeza mashine karibu na tela.

Mashine za waya na gesi ziache kwa kazi ya ndani ya banda. Upepo wa kawaida wa kando ya barabara unaondoa gesi ya kukinga na kuacha vitundu.

Chuma kipashwe joto kidogo kabla ya kuanza, nyuzi 50 hadi 100, hasa asubuhi ya Makambako au Mbeya ambapo umande umelala juu ya chuma. Tone la maji likilia na kukauka papo hapo, umevuka 100. Joto lisipite 200 kati ya mstari na mstari. Chuma cha tela nyingi za Kichina ni Q345, chenye nguvu ya kuanza kuvutika ya megapascal 345, na hicho kinasamehe. Lakini zipo tela nyepesi zenye chuma cha daraja la 700, yaani megapascal 700, na hicho kimepata nguvu yake kwa kupozwa kwa utaratibu kiwandani. Ukikipasha sana unairudisha nyuma. Angalia kibao cha tela na karatasi za mtengenezaji. Kama mkanda ni mwembamba kuliko wa tela nyingine za urefu huohuo, shuku daraja la 700. Kwa mkanda wa chuma hicho E7018 haifikii nguvu ya boriti. Inatakiwa rodi ya daraja la E11018 na utaratibu wa maandishi, na kwa maoni yangu kazi hiyo haifanyiki kando ya barabara. Ivutwe tupu hadi karakana.

Uchomeleaji wenyewe: mkanda kwanza, kisha ubavu, kwa sababu mkanda ndio mnene na unasinyaa zaidi, uachwe usinyae ubavu ukiwa bado huru. Kingo mbili za mkanda ziongezewe vipande vya chuma vya milimita 12, ili mstari uanzie na kuishia nje ya mkanda. Vikatwe baadaye na kingo zisagwe. Mwanzo na mwisho wa mstari ndipo penye vitundu na vishimo, navyo visikae ukingoni mwa mkanda unaovutwa. Mistari iwe myembamba na iliyonyooka, bila kuyumbisha rodi kwa upana. Upana wa mara tatu ya unene wa rodi ni mwisho. Umbali kati ya rodi na chuma uwe mfupi mno. Magamba yatolewe yote baada ya kila mstari, kwa nyundo na brashi ya waya, na sehemu za kusimama na kuanza zisipangane juu ya nyingine. Upande wa chini wa mkanda utachomelewa fundi akiwa amelala chali na weldi iko juu ya uso wake. Hapo ndipo unapojua umepata fundi. Mwombe mapema akuonyeshe kwa kipande cha chuma: achomelee juu ya kichwa, akikate katikati, mtazame ndani.

Kwa hesabu ya rodi, mkanda wa upana wa milimita 150 na unene wa 12, uliochimbwa V pande mbili, hunywa rodi 5 au 6 za milimita 3.2 pamoja na vipande vya pembeni. Ufa wa sentimita 20 kwenye ubavu wa milimita 8 hunywa kama 5. Ukiongeza kiraka cha ubavu, jumla inafika 25 hadi 30. Anayekuja na rodi nane mfukoni amepanga kufunika ufa tu.

Kiraka ni lazima? Mara nyingi hapana. Weldi iliyopenya yote, ikasagwa ikawa sawa na uso wa mkanda, mikwaruzo ya grinda ikienda kwa urefu wa boriti na si kuikatisha, ni bora kuliko weldi mbaya iliyofunikwa na bamba. Ukiona boriti kweli inahitaji msaada kwa aina ya mizigo yako, bamba liwekwe kwenye ubavu, si chini ya mkanda. Unene wake usizidi wa ubavu. Lifike mbali na ufa angalau kimo kimoja cha boriti kila upande, na mwisho wake usiangukie kwenye kona ya shingo. Ncha zake zichongwe kama ncha ya mkuki ili ugumu uongezeke kidogokidogo, pembe ziwe za mviringo. Weldi yoyote isiguse kingo za mkanda wa chini, wala isiukatishe mkanda kwa upana. Hata kipande cha kushikilia bomba la upepo kisichomelewe hapo. Kifungwe kwenye ubavu.

Kazi ikipoa, puliza tena dawa ya nyufa. Kwa chuma cha daraja la 700 rudia baada ya saa 48, kwa sababu ufa wa haidrojeni hujitokeza kwa kuchelewa. Pitisha kucha pembeni ya weldi: mfereji unaoikamata kucha usagwe au ujazwe. Kisha paka rangi ya zinki, na juu yake rangi isiyokolea. Kwenye rangi isiyokolea ufa mpya hujionyesha mapema kwa mstari mwembamba wa kutu nyekundu. Ukague baada ya safari ya kwanza, na tena baada ya ya tatu.

Lakini bado hujajua kwa nini ilipasuka kulia tu, na hapo ndipo ningetumia muda wangu kabla ya kuwasha jenereta. Pima kimo cha springi kulia na kushoto tela ikiwa tupu kwenye saruji bapa. Springi iliyovunjika jani, hanga (kishikio cha springi) iliyopinda, au busha iliyokwisha upande mmoja hubebesha boriti nyingine. Tazama mihimili ya kukatisha inayounganisha boriti mbili; miwili mitatu ikiwa imeachia weldi, kila boriti inapinda kivyake. Kisha tazama shaba. Ni mzigo mdogo kwa ujazo na mzito mno, na vifungu vyake (shaba iliyofungwa pamoja) vikipangwa karibukaribu katikati ya tela msongo nyuma ya shingo unakuwa mkubwa kuliko wa uzito huohuo wa saruji uliotandazwa sakafu nzima. Mizani haitakuambia hili. Unaweza kupita mizani ukiwa ndani ya tani 24 za ekseli tatu na ndani ya uzito wa jumla unaoruhusiwa na sheria ya Afrika Mashariki, na bado boriti ikawa inaumia. Vifungu vikae juu ya mihimili ya kukatisha, vigawanywe mbele na nyuma, na kulia na kushoto viwe sawa.

Fundi akiwa yupo na moto unawaka, utashawishika kumwonyesha vingine. Kingpini haichomelewi, ya inchi 2 ina kipenyo cha milimita 50.8 ikiwa mpya, na ikifika 49 inabadilishwa. Springi na yuboliti vivyo hivyo, zinabadilishwa. Bomba la ekseli lisiguswe bila maelekezo ya mtengenezaji wake. Rimu yenye tairi haichomelewi kamwe, hata tairi ikiwa haina upepo: joto linageuza mpira kuwa gesi ndani, na tairi hulipuka kwa nguvu ya kuua mtu aliye mita kadhaa. Na kama siku moja ni tela la mafuta, tenki tupu ni hatari kuliko lililojaa, kwa sababu mvuke umelijaza. Lisichomelewe mpaka lisafishwe, lipimwe gesi kwa kifaa, na aliyepima aandike matokeo.

Ukikwama njiani kabla ya kupata fundi wa kazi hii, kitu salama unachoweza kufanya ni kuhamishia mzigo kwenye tela nyingine na kuivuta yako tupu, polepole, hadi mahali penye saruji, umeme na kivuli. Kipande cha chuma cha pembe kilichochomelewa haraka upande wa ubavu kinaweza kukusaidia kufika huko bila mzigo. Kiondolewe chote siku ya kazi yenyewe, na alama zake zisagwe.